Mama Mkubwa, nimelikimbia bao kwa aibu

BARUA

Mama Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 51, mhasibu kwa kazi. Nimezaliwa Singida, na ajira imenizungusha mikoa mingi mpaka mwaka jana ikanifikisha Pangani. Niko hapa na mke wangu na mtoto wetu wa mwisho, mvulana wa miaka 12. Maisha yangu yote yamekuwa ofisi, taarifa ya habari na kulala. Mchezo wowote sikuwahi kuujua, hata karata.

Karibu na nyumba tuliyopanga kuna mwembe, na chini yake baraza. Kila siku baada ya alasiri wanakusanyika pale wazee, wavuvi waliokwisha kuuza samaki wao, na vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria. Muuza kahawa huja na dele lake, na mabao hukaa mawili, wakati mwingine matatu. Nilianza kwa kupita na kusalimia. Nikaja nikasimama. Nikaja nikakaa. Siku moja mzee mmoja, zamani fundi wa majahazi, akaniambia, "Bwana mhasibu, unatazama au unakagua?" Akanisogezea mkeka.

Alinianzisha na lile wanaloliita bao la kujifunza: mashimo yote 32, kila shimo kete mbili, unacheza. Mama, wiki tatu zile sijui nizielezeje. Nilikuwa sijui lolote. Nachota kete zangu, nazimwaga moja moja, ya mwisho ikiangukia penye wenzake nazizoa zote naendelea, wala sielewi mkono utaishia wapi. Pengine naishia kula kete saba, na wa kwanza kushangaa ni mimi mwenyewe. Zile komwe zina ubaridi wake vidoleni. Na mlio wa kete inayoangukia shimo lenye wenzake si sawa na mlio wa kete inayogonga mti mtupu. Usiku nikifumba macho naisikia. Mke wangu akawa ananiuliza nacheka nini bafuni.

Halafu nikaharibu. Nilijiona nimeiva, nikamwambia mzee anipe bao lenyewe, bao la Kiswahili, lenye kete 22 mkononi na nyumba, lile shimo kuu, iliyopangwa kete sita. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya." Tangu siku ile sijaona raha. Kwa mazoea ya kazi yangu nilifungua daftari: tarehe, niliyecheza naye, matokeo. Mpaka naandika barua hii nimecheza mara 46. Nimeshinda 2, na mojawapo naamini mzee alinihurumia. Mara 19 nimemalizwa ningali na kete mkononi, hata mtaji, ile hatua ya pili baada ya kete za mkononi kwisha, sikuufikia.

Nikaamua kujifua kwa siri. Nikapakua mchezo kwenye simu, una safu mbili, mashimo sita kila upande, na ghala la kuwekea kete mwisho wa safu. Kila usiku nacheza saa nzima. Mashine naishinda vizuri tu. Lakini nikirudi chini ya mwembe nafanya mambo ya ajabu kuliko mwanzo, mpaka mzee akaniuliza kama naumwa.

Kilichonifanya nikuandikie kilitokea Alhamisi ya wiki iliyopita. Nilikuwa nacheza na kijana mvuvi, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Zamu yangu ilipofika nikakaa nikihesabu. Nikahesabu tena. Akasema, "Mzee, cheza, hizo kete si risiti." Baraza zima likaangua kicheko. Mwanangu alikuwa amekuja kuniita nyumbani, naye akacheka. Damu ikanipanda, nikasimama nikamwambia yule kijana, "Unajua unaongea na nani?"

Pakawa kimya. Nikaondoka na viatu mkononi.

Leo siku ya tisa siendi. Nikitoka kazini nazunguka njia ya sokoni ili nisipite pale. Jana muuza kahawa kanikuta sokoni akaniuliza, "Bwana mhasibu, mbona umetususa?" Sikuwa na jibu. Mke wangu anasema afadhali, maana nilikuwa narudi nyumbani uso umekunjamana kama nimetoka msibani. Na linaloniuma zaidi, mwanangu sasa anakwenda yeye. Yule mzee anamfundisha.

Mama, mtu wa umri wangu anaanza kitu kipya cha nini, kama ni cha kuchekwa na watoto? Na nikisema nirudi, nirudi na uso gani?

Mhasibu, Pangani

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kwanza nikiri: pale kwenye risiti nilicheka. Nisamehe, lakini yule kijana Mungu amempa ulimi.

Tuanze na simu, maana hilo ni jepesi na limeniuma kwa niaba yako. Mwanangu, mchezo ulioupakua si bao. Safu mbili, mashimo sita sita na ghala mwishoni, huo unaitwa kalaha. Ulisambazwa na Mmarekani mmoja, William Julius Champion, mnamo 1940. Ni ndugu wa bao, kwa sababu michezo hii ya kumwaga kete mashimoni ni ukoo mkubwa, wataalamu huuita mankala, kutokana na neno la Kiarabu la kuhamisha. Lakini ndugu huyu ana tabia zake. Katika kalaha, kete yako ya mwisho ikiangukia shimo lako lililo tupu, ndipo unapokula za mwenzako zilizo mkabala. Katika bao, kete ya mwisho ikiangukia patupu unalala, zamu imekwisha. Ili ule, sharti uangukie penye kete zako, na mbele yako kwa mwenzako pawe na kete.

Umeona ulichokuwa ukijifanyia? Kila usiku, saa nzima, ulikuwa unaifundisha mikono yako kutafuta patupu. Asubuhi unakwenda kazini, jioni unaketi mkekani, mikono inakupeleka palepale ilipozoea. Mzee wa watu anakuuliza kama unaumwa. Wala huumwi, umesoma kitabu cha mtihani mwingine. Futa mchezo huo, au ubaki nao kama mchezo mwingine, ila usiuite mazoezi.

Na kuna tofauti nyingine ya hiyo kalaha ambayo kwa mhasibu naitaja makusudi. Kule kuna ghala. Kete ukishaiingiza humo ni yako, haitoki, mwisho mnahesabu nani ana nyingi. Bao halina ghala. Ulichokula unakirudisha kichwani, yaani shimo la mwisho la safu yako ya mbele, ukakipanda upya katika mashimo yako, na zamu inayofuata mwenzako anaweza kukizoa chote. Kete ni 64 mwanzo na ni 64 mwisho. Hakuna mtu anayeondoka na akiba. Mchezo wa namna hiyo, wewe ukaufungulia daftari!

Sasa hilo daftari. Sikwambii kwamba kushindwa ni kuzuri. Kushindwa mara 44 kunachosha, na atakayekuambia "furahia tu" hajawahi kumalizwa na kete mkononi mbele za watu. Ila nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nimeitazama kama unavyotazama wewe vitabu vya hesabu. Ina aya moja tu yenye furaha. Ni ile ya wiki tatu za kwanza, na katika aya hiyo hukuniambia ulishinda mara ngapi. Nina hakika ulikuwa unafungwa kila siku, tena vibaya kuliko sasa. Uliniambia ubaridi wa komwe. Uliniambia mlio wa kete. Uliniambia umekula saba ukashangaa.

Hapo kwenye kushangaa ndipo penye mali yako. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchezaji mzuri, na baraza lao lilikuwa chini ya dirisha langu. Miaka ile wanawake hatukukaa pale, lakini masikio hayana mlinzi, na nilifika mahali najua nani amebanwa kwa kusikia tu kete zinavyomwagwa. Nilimwuliza siku moja, anapochota kete, anajua mkono wake utaishia wapi? Akasema, "Najua kabla sijagusa." Nikamwuliza, sasa raha iko wapi? Akafikiri. Akasema raha ipo, ila ni nyingine, na ile ya zamani ya kuzifuata kete kwa macho kama mtoto anayefuata kishada, hiyo haijui imekwenda wapi.

Wewe ulikuwa nayo wiki tatu, ukaikimbia ili uwahi kuwa fundi. Haraka ya nini? Huu mchezo unaotaka kuumudu kwa miezi michache, kuna Mholanzi aitwaye Alexander de Voogt aliyewafuata mafundi wa Zanzibar ili awachunguze, na mwaka 1995 akapata udaktari wake Leiden kwa kazi hiyo. Watu wanasomea mpaka udaktari namna mafundi wanavyowaza, na wewe una hasira hujawa fundi baada ya mechi 46.

Na mimi nisijifanye mwema. Nilianza kusuka ukili nikiwa na miaka 58. Aliyenifundisha ni binti wa jirani, wa kidato cha pili, na alikuwa mkali. Ukindu ukinikatikia ananisonya. Ukili wangu wa kwanza mahali umebana kama kiuno cha nyigu, mahali umevimba kama chatu aliyemeza mbuzi. Nilimwonyesha dada yangu akauliza ni wa kufungia nini. Sasa ninasuka vizuri, mikeka yangu miwili imetandikwa harusini. Lakini nikwambie jambo: sasa nasuka huku nawaza bei ya mchele. Mikono inajua, kwa hiyo kichwa kinazurura. Wakati ule sikuweza kuwaza kitu kingine chochote. Chane moja ikipanda juu ya mwenziwe ilikuwa ndiyo dunia nzima. Mgonjwa wangu alikuwa ndani, madeni yalikuwepo, na kwa saa ile moja sikuyakumbuka. Ule ukili wa chatu ninao mpaka leo, sijaushona kwenye mkeka wowote.

Basi daftari lifunge. Wewe unajua kufunga hesabu za mwaka, funga na hizi. Kurasa zilizobaki mpe mwanao afanyie hesabu za shule.

Hayo yalikuwa mepesi. Gumu ni lile neno ulilomwambia kijana wa watu. Ulichoniuliza ni kama mtu wa umri wako anaanza kitu kipya cha nini. Tatizo silioni kwenye umri, mwanangu. Ulikwenda mkekani na cheo chako, ukakikalisha pembeni, siku ulipobanwa ukakiita. "Unajua unaongea na nani?" Wanajua. Tangu siku ya kwanza wanakuita Bwana mhasibu. Ofisini kwako kijana yule angesimama mlangoni na kofia mkononi. Lakini mbele ya lile bao yeye ndiye mkubwa, na wewe ndiye mwanagenzi, na mwanagenzi hana umri. Ulipokwenda kwa mzee yule wa majahazi ulilikubali hilo bila taabu kwa kuwa ana mvi. Kwa kijana limekushinda.

Na utani wenyewe umeusoma vibaya. Wewe ni mtu wa bara, labda huko kwenu mtu hutaniwa na watani wake wa ukoo tu. Barazani kwetu utani ndiyo kiti. Mgeni hatukani mtu wala hataniwi. Mgeni anapishwa, anapewa kikombe cha kwanza, anaambiwa "umecheza vizuri" hata akicheza ovyo, na akiondoka hakuna anayeuliza kaenda wapi. Zile siku za mwanzo walikufanyia hivyo, sivyo? Kisha siku moja wakakuambia kete si risiti. Wametazama kazi yako, wametazama unavyokaa, wamekutungia lako peke yako. Watu hawamtungii mpita njia. Halafu muuza kahawa anakukuta sokoni anasema umetususa. Hususwi na mtu asiye wako.

Tena kijana alikuwa na haki nusu. Bao halitaki mtu anayekaa nalo mpaka kahawa inapoa. Mafundi wenyewe hucheza upesi, na anayejifunza akikaa akihesabu na kurudia kuhesabu anawanyima wenzake mchezo bila yeye kufaidi kitu, maana kete ikizunguka mara tatu, nne, hesabu ya mwanafunzi imekwisha potea njiani. Chota, mwaga, uone. Utakosea. Kosa ukiliona kwa macho linakaa kuliko hesabu uliyoifanya kichwani ukashindwa kuimaliza.

Umeuliza urudi na uso gani. Rudi na huohuo. Usiende na hotuba, na usimwite kijana pembeni kumwomba radhi kama kwenye kikao cha nidhamu, utamtia aibu. Nenda saa ileile ya alasiri. Vua viatu. Salimia. Agiza kahawa ya mzunguko mmoja na kashata, mzunguko mmoja tu, kwa sababu ukizidisha itaonekana unalipa faini. Kikombe cha yule kijana mpelekee kwa mkono wako mwenyewe, umwambie umekuja na risiti zako. Watacheka. Na wewe utacheka, hata kama mara ya kwanza kicheko kitatoka kikavu. Akikujibu utani, mrudishie. Asipokujibu siku hiyo, mpe siku. Na yeye amevunjiwa heshima mbele ya watu, kijana naye ana uso.

Siku hiyo usidai kucheza. Tazama. Anayetazama naye anajifunza, na hakuna daftari la watazamaji.

Kuhusu mke wako sina neno refu. Alilolichukia ni uso wa msibani, kwa hiyo ukirudi nyumbani na ule uso wa bafuni, atanyamaza mwenyewe.

Nimebakiza mtoto, ambaye umemtaja mwishoni kama jambo la kuuma, na mimi kwangu ndiyo habari njema kuliko zote katika barua yako. Yule mzee anamfundisha kwa bao lipi? Lile la kujifunza, kete mbili mbili. Basi nyumbani kwako kuna mtu asiyejua, kama wewe. Mwambie seremala akuchongee bao, au kwa kuanzia mchimbe mashimo uani, safu nne za manane, na kete mwokote kokoto au mnunue komwe. Anzeni na hilo la kujifunza. Wewe unalijua kwa wiki tatu, yeye kwa siku tisa. Mtafungana kwa zamu, mtabishana kanuni, mtasahau nani alikuwa anazunguka kulia. Kucheza na fundi unajifunza, lakini kucheza na asiyejua mwenzako kuna raha ambayo fundi hawezi kukupa hata akitaka, kwa sababu yeye mwisho wa mkono wako anauona tangu mwanzo na anakusubiri tu ufike. Mwanao atakuwa ameinama na wewe, vichwa vimegusana, mnazifuata kete kuona zitaishia wapi.

Atakushinda mapema. Watoto wa miaka 12 wana akili ya haraka, jiandae. Na siku atakapokuambia cheza baba, hizo si risiti, usiulize anaongea na nani.

Nina ombi moja nami. Katika mtaji kuna kitu kinaitwa kutakasia. Marehemu alinieleza mara tatu, na mara zote tatu niliitikia "aa, nimeelewa" kwa kuwa chai ilikuwa inapoa. Sikuelewa. Nimesuka ukili, nimelea watoto sita, na kutakasia kumenishinda mpaka leo. Ukirudi chini ya mwembe, mwulize huyo kijana mvuvi akueleze polepole, kisha uniandikie. Usione haya kumwuliza mara mbili.

Mama Mkubwa